Karakana ya Wasomaji: Tingatinga Linalogoma Jua Likipanda

Barua tulizochagua mara hii zinahusu matingatinga madogo ya kupakia, yale yenye cheni za mpira, ambayo wakandarasi wengi wa Mombasa huyanunua yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo. Zote zinagusa leva na umeme wake. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa njia ya kuutafuta ugonjwa huo itawafaa hata wenye mashine zilizo na dalili tofauti.

SWALI: Ndugu Mhariri, asalaam aleikum. Nina tingatinga dogo la kupakia, la cheni za mpira na leva za umeme, nililolinunua mtumba kwenye yadi moja hapa mjini. Kazi yake ni kuzoa kifusi na kusawazisha viwanja pande za Jomvu na Miritini. Asubuhi hufanya kazi bila wasiwasi, lakini jua likishapanda, au likipita penye mashimo, cheni husimama ghafla kama zilizopigwa breki, na mikono ya kunyanyulia ndoo nayo hugoma, huku injini ikiendelea kunguruma kama kawaida. Nikizima na kuwasha tena hurudi, kisha baada ya muda likarudia yaleyale. Kwenye kioo cha dashibodi hutokea misimbo miwili ya hitilafu kwa mpigo, mmoja ukiishia na namba 4 na mwingine na namba 9. Fundi wa kwanza alibadilisha leva ya kushoto, pasiwe na nafuu yoyote. Wa pili anasema kontrola, ile kompyuta inayopokea amri za leva, imekufa, na amenitafutia nyingine iliyotolewa kwenye mashine iliyochinjwa vipuri. Kabla sijalipa, naomba ushauri wenu.
— Mkandarasi, Jomvu

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yetu. Usilipe bado. Barua yako imebeba ushahidi mwingi kuliko mafundi wako walivyoutumia, na tutaupitia mmoja baada ya mwingine.

La kwanza ni kwamba cheni na mikono hugoma kwa pamoja. Katika mpangilio wa leva uliozoeleka zaidi, unaoitwa ISO, leva ya kushoto huendesha cheni na ya kulia huendesha mikono na ndoo. Leva ya kushoto ingekuwa mbovu, mashine ingekataa kutembea lakini ndoo ingeendelea kunyanyuka. Kwa kuwa vyote viwili hukatika mara moja, chanzo lazima kiwe mahali ambapo njia hizo mbili hukutana, yaani kwenye umeme wa kontrola na athi yake (njia ya umeme kurudi kwenye betri), kwenye swichi za usalama, kwenye volti 5 zinazolisha sensa (vihisio vya mashine), au kwenye nyaya ambazo kompyuta za mashine huzitumia kuzungumza. Fundi wako wa kwanza angeuliza swali hilo moja tu, leva ya zamani ingebaki mahali pake.

La pili ni ile misimbo. Kampuni nyingi hufuata kanuni ya SAE J1939, ambayo ndani yake namba za kwanza hutaja kitu au sakiti inayolalamikiwa, na namba ya mwisho hueleza aina ya lalamiko. Namba 4 maana yake volti imekuwa chini ya kiwango au waya umegusa athi. Namba 9 maana yake ujumbe uliotarajiwa kutoka kompyuta nyingine umechelewa au haukufika kabisa. Sasa fikiria kontrola iliyokosa umeme kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Inazimika, kompyuta ya injini na dashibodi zinaona mwenzao amenyamaza nazo zinaandika 9, na kontrola yenyewe ikizinduka inaandika kwamba volti ilikuwa imeshuka. Misimbo hii miwili ikitokea kwa mpigo mmoja, na dawa yake ikawa kuzima na kuwasha, sisi tungemshuku kwanza mlishaji kabla ya mlishwaji. Hata hivyo, zisome namba za mwanzo katika kitabu cha mashine yako, kwa sababu ile 4 inaweza kuwa inalalamikia betri na njia zake, au inalalamikia volti 5 za sensa, na njia hizo mbili hupimwa kwa namna tofauti kama tutakavyoeleza.

Kuhusu ule msimamo wa ghafla unaofanana na breki, hiyo kweli ni breki. Katika mashine hizi breki ya maegesho hushikwa na springi na huachiliwa na presha ya oili, ambayo nayo hufunguliwa na valvu ya umeme. Umeme wa valvu ukikatika, presha huondoka na springi hushika cheni. Kwa hiyo mshtuko huo si dalili ya pampu kufa, wala usimruhusu mtu akufungulie pampu kwa sababu hiyo.

Anza na betri, ijapokuwa kila mtu hudhani yake ni nzima. Ikiwa imepumzika na imejaa, inapaswa kuonyesha takriban volti 12.6, injini ikizunguka, alternata (inayoichaji betri) ipeleke kati ya 13.8 na 14.5. Lakini pima wakati ule mashine inapogoma, si asubuhi karakanani. Alternata hupungukiwa nguvu ikipata joto, na vilevile shaba iliyolegea kwenye kifungo chake hutanuka na kusinyaa kwa joto, ndiyo maana mashine inayokufa saa saba mchana haiwezi kuhukumiwa kwa vipimo vya saa moja asubuhi.

Baada ya betri, nenda kwenye athi, na hapa ndipo tunapoiona Mombasa yenyewe ikiingia katika barua yako. Hewa yetu ina chumvi mwaka mzima, kaskazi na kusi, na mashine iliyofanya kazi karibu na maji ya Kilindini au kwenye fukwe za kaskazini huliwa mahali pasipoonekana. Tafuta boliti inayofunga nyaya za athi kwenye fremu, ambayo katika mashine nyingi huwa nyuma ya kiti au chini ya kibanda. Kwa juu itaonekana imefungwa imara na imepakwa rangi. Ifungue. Mara nyingi utakuta chini ya jicho la waya kuna unga wa kijani kibichi, chuma cha fremu kimeota kutu nyembamba kama karatasi, na ukiuchuna mpira wa waya kwa urefu wa kidole utaona shaba imegeuka nyeusi ndani kwa ndani, nyuzi chache tu zikiwa zimebaki nzima. Nyuzi hizo zinatosha kuonyesha volti 12 kwenye maltimita (kipima umeme), kwa kuwa maltimita haivuti umeme wa maana, ila hazitoshi kulisha kontrola inayofungua valvu kadhaa kwa wakati mmoja.

Kwa sababu hiyo, usikubali kipimo cha fundi anayegusa waya usiobeba mzigo na kutangaza kwamba umeme upo. Vipimo viwili ndivyo vyenye uzito. Cha kwanza, injini ikizunguka, taa na feni zikiwa zimewashwa, weka ncha moja ya maltimita kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe na nyingine kwenye pini ya athi ya kontrola. Kinachosomeka ni volti inayopotea njiani, na kikizidi takriban 0.2, njia hiyo ina kasoro. Rudia upande wa chanya, kutoka nguzo chanya hadi pini ya umeme ya kontrola, ukipita kwenye fyuzi na relei. Cha pili, zima swichi, chomoa soketi ya kontrola, kisha unganisha balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55 kati ya waya wa umeme na waya wa athi wa soketi ile, halafu washa swichi. Balbu hiyo huvuta kati ya ampea 4 na 5. Ikiwaka kwa mwanga kamili, nyaya zako zinabeba mzigo. Ikififia, au ikipepesa mwenzako anapotikisa kifurushi cha nyaya, umempata mwizi wako. Ila tahadhari mbili: balbu isiguse waya wowote wa sensa, na ncha ya maltimita isilazimishwe ndani ya pini ya kike, kwa maana pini ikishatanuka haishiki tena, na utakuwa umejiongezea ugonjwa ambao mashine haikuja nao.

Usiache kukagua mahali kibanda kinapoinukia. Mashine nyingi za aina hii zina kibanda kinachopinduliwa ili kufikia pampu, na kifurushi cha nyaya hupita karibu na bawaba yake, kikikunjwa na kukunjuliwa kila kibanda kinapofunguliwa, na kikisuguana na paipu za haidroliki zinazotetemeka mchana kutwa. Waya unaweza kukatika ndani bila mpira wake kupasuka. Uvute polepole baina ya vidole. Penye mkatiko utahisi umelegea na kunyumbuka kuliko sehemu nyingine. Hili ndilo linaloweza kueleza habari yako ya mashimo.

Swichi za usalama nazo zina haki ya kushukiwa, kwa sababu hukata cheni na mikono kwa pamoja. Kuna ya kwenye kiti, na kuna ya kile chuma kinachoshushwa mapajani. Kiti kilichobonyea humnyanyua dereva kidogo penye shimo, na swichi ikaona hakuna mtu. Katika mashine nyingi hali ya swichi hizi huonekana kwa taa za dashibodi au kwenye ukurasa wa uchunguzi wa kioo: mtu aketi, ajiinue, ashushe chuma, akipandishe, huku wewe ukitazama kama kila badiliko linaonekana mara moja. Kipimo hiki hakigharimu hata senti. Hata hivyo, kwa hali yako tunaziweka nyuma ya umeme na athi, kwa sababu swichi ya kiti kwa kawaida haisababishi kompyuta nyingine kulalamika kwamba kontrola imenyamaza.

Na kwa kuwa tumezitaja, tuseme wazi: ile tabia ya kuziunganisha swichi hizi moja kwa moja kwa kipande cha waya, iliyoenea katika karakana nyingi, hatuiungi mkono hata kwa siku moja. Dereva anayeshuka kwa kupita mbele, chini ya mikono iliyonyanyuliwa, akagusa leva kwa goti, hana kingine cha kumwokoa isipokuwa swichi hizo. Ukinunua mashine mtumba, angalia kwanza kama mwenye nayo wa awali alikwisha kufanya hivyo.

Ikiwa umeme na athi vimeonekana vizuri na kitabu kinasema 4 inahusu sensa, basi pima zile volti 5. Sensa kadhaa hugawana chanzo kimoja kutoka kontrola, na sensa moja iliyoingia maji huweza kukishusha chanzo chote, ikawa leva mbili nzima zinaonekana zimekufa. Njia yake ni rahisi: acha maltimita ikisoma chanzo hicho, kisha chomoa sensa moja baada ya nyingine hadi volti 5 zirudi. Ile iliyochomolewa zikarudi, au waya wake, ndiyo yenye lawama. Ishara ya leva yenyewe, katika leva nyingi za sensa ya sumaku, huwa karibu na katikati ya volti 5 ikiwa imeachwa huru, na hupanda na kushuka laini bila kuruka ikisukumwa.

Kama nako hukuona kitu, na ile 9 ingali inarudi, pima nyaya za mazungumzo, zile mbili zilizosokotwa pamoja ziitwazo CAN. Zima mashine, fungua nguzo ya betri, kisha pima omu (ukinzani wa umeme) kati ya nyaya hizo mbili. Kila mwisho wa njia una kizuizi cha omu 120, na kwa kuwa viwili hivyo viko sambamba, unapaswa kusoma takriban 60. Ukisoma 120, upande mmoja umekatika au kizuizi kimoja hakipo. Ukisoma karibu na sufuri, nyaya hizo zimegusana mahali fulani.

Sasa kuhusu kontrola ya mtumba. Hata kama ingekuwa nzima, ndani yake ina programu na mipangilio ya mashine ilikotoka, na kampuni nyingi huifunga na namba ya utambulisho ya mashine, hivyo kuibandika tu kwenye yako huenda kusiwashe chochote, au kukawasha mashine yenye mwendo usiotabirika. Kazi hiyo inahitaji kompyuta ya wakala na mtu aliyeruhusiwa kuiandika upya. Tena, mashine nyingi hutaka kalibresheni kila leva au kontrola inapobadilishwa, ili kontrola ijue upya mahali leva inapokuwa huru na mahali pampu inapoanza kusukuma. Kwa hiyo muulize fundi wako wa kwanza kama alifanya hivyo alipofunga leva mpya. Kama hakufanya, ifanyike, ama sivyo ukishatibu ugonjwa huu utabaki na mwingine wa kujitengenezea.

Ukishapata kasoro, kata shaba yote iliyokula chumvi hadi ufikie inayong'aa, funga jicho jipya la waya, kwangua fremu, kaza, kisha ndipo upake rangi au grisi juu yake. Soketi zioshwe kwa spreyi ya kusafishia umeme na zipakwe kiasi kidogo cha grisi ya umeme. Usizizibe kwa silikoni ya madirisha, ile yenye harufu ya siki. Asidi yake hula shaba, na tumeona soketi zilizozibwa hivyo zikioza upesi kuliko zilizoachwa wazi. Na vijana wa kuosha mashine kwa maji ya presha wakatazwe kuyaelekeza chini ya kibanda.

Kazi yote hii ifanyike ndoo ikiwa chini, na ikilazimu mikono iwe juu, ishikwe kwa chuma chake maalumu cha kuzuilia. Jeki wala gogo havitoshi. Kibanda kikiinuliwa kifungwe kwa kifungo chake. Usipapase paipu kwa mkono ukitafuta mvujo, kwa maana oili yenye presha hupenya ngozi na kidonda chake huhitaji hospitali saa hiyohiyo, hata kikionekana kama tundu la sindano. Anayetaka kuchomelea chochote kwenye fremu afungue betri kwanza na achomoe kontrola, na asiruhusiwe mtu kuistua mashine ya volti 12 kwa lori la volti 24.

SWALI: Mhariri, tingatinga langu huvuta kushoto nikienda mbele, na inanibidi nirekebishe leva kila wakati. Nikirudi nyuma halivuti. Fundi anataka kufungua mota ya kushoto. Ni sawa?
— Msomaji, Likoni

JIBU: Kurudi kwako nyuma bila kuvuta kumekwisha kuitetea mota hiyo. Mota iliyochakaa huvujisha oili pande zote mbili, kwa hiyo udhaifu wake ungeonekana mbele na nyuma, na ungezidi oili ikipata joto. Kasoro ya upande mmoja wa mwendo huelekeza kwenye sehemu inayoamuru pampu ya kushoto kwenda mbele: koili (sumaku ya umeme inayosukuma valvu), valvu yake ndogo, waya wake, au kalibresheni. Kwanza linganisha mkazo wa cheni mbili kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu, kwa kuwa cheni iliyokazwa kupita kiasi huburuta upande wake. Kisha fanya kalibresheni ya mwendo wa moja kwa moja, ambayo mashine nyingi huwa nayo kwenye kioo. Kama haikusaidia, pima omu za koili ya mbele na ya nyuma za pampu hiyohiyo. Aghalabu huwa sawa, na tofauti kubwa kati yake inatosha kukuonyesha. Ukitaka kuzijaribu kwa kuzibadilishana, mashine iwe imeinuliwa kwenye stendi imara, cheni ziwe hewani na pasiwe na mtu karibu, kwa sababu itakwenda upande usioutarajia.

SWALI: Mwanangu ameajiri dereva mpya, naye tangu jana anasema leva zimeingia wazimu: akisukuma ya kushoto mbele, mashine inazunguka badala ya kwenda. Jana asubuhi ilikuwa sawa. Tuite fundi wa umeme?
— Mama mwenye mashine, Kisauni

JIBU: Mama, fundi asiitwe kwanza. Katika kibanda itafutwe swichi ya mpangilio wa leva, ambayo mara nyingi huwa na alama ya ISO upande mmoja na H upande wa pili. Katika mpangilio wa H kila leva huendesha cheni ya upande wake, ndiyo maana leva ya kushoto ikisukumwa peke yake mashine huzunguka. Yamkini mtu aliigusa akifuta vumbi. Dereva aibadilishe akiwa ameketi, mashine imesimama, ndoo iko chini na leva ziko huru, kisha ajaribu polepole mahali pa wazi. Baada ya hapo dereva na mwanao wakubaliane mpangilio mmoja, na uandikwe kwenye kibanda.

SWALI: Ninataka kununua tingatinga kama hilo kwenye yadi. Muuzaji ananiruhusu kuliwasha na kulizungusha kidogo. Nitazame nini kwenye umeme na leva ili nisije nikanunua shida?
— Kijana mkandarasi, Mikindani

JIBU: Kuzungusha kidogo hakutoshi, na muuzaji anayekataa zaidi ya hapo amekwisha kukujibu. Fika mapema, uguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, kuna aliyeitangulia kuiamsha, na hutajua inavyowaka ikiwa baridi. Washa swichi bila kuwasha injini na uangalie kama taa zote za onyo zinawaka kisha zinazimika, kwa sababu taa isiyowaka kabisa yaweza kuwa imetolewa balbu makusudi. Omba ukurasa wa misimbo iliyohifadhiwa. Ukurasa mtupu kwenye mashine ya miaka mingi si lazima uwe habari njema. Mara nyingine umefutwa asubuhi ileile, kwa hiyo utazame tena mwisho wa majaribio.

Kisha fanya kazi nayo hasa, ukisukuma udongo na kunyanyua ndoo iliyojaa, hadi oili ya haidroliki ipate joto la kazi, kwa kuwa leva na valvu nyingi mbovu hujificha kwenye oili baridi. Ndoo ikiwa chini, ukiwa mahali pa wazi, pandisha chuma cha mapajani na uguse leva kidogo: mashine ikitembea, swichi zimeunganishwa moja kwa moja, na ujue aliyefanya hivyo hakuishia hapo. Sukuma kila leva polepole sana kutoka huru hadi mwisho. Mwendo uanze laini, usiruke.

Baada ya hapo zima, uingie chini. Tafuta nyaya za rangi isiyofanana na zilizozaliwa na mashine, viungo vilivyofungwa utepe, na fyuzi kubwa kuliko namba iliyoandikwa kwenye kifuniko. Chomoa soketi mbili tatu za chini kabisa za kibanda. Mstari wa tope kavu ndani yake unaeleza kwamba mashine iliwahi kuzama kwenye maji, na mashine ya namna hiyo tunakushauri uiache hata ikiwa bei yake inavutia. Linganisha namba ya mashine kwenye bamba la fremu na ile inayoonekana kwenye kioo. Zikitofautiana, kontrola ilitoka kwingine, na muuzaji akueleze ni nani aliyeiandika upya, kwa kompyuta ya wakala gani, na karatasi yake iko wapi.